Panya wa Kufugwa Anapodhurika na Dawa: Dalili, Visababishi na Hatua za Kuchukua

Wafugaji wa panya hapa Dar es Salaam si wengi, lakini maswali yao kuhusu dawa yanafanana sana. Mfugaji anakwenda kwenye duka la dawa za mifugo, anaeleza kwamba panya wake anajikuna au anapiga chafya, anauziwa chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi au kuku, na kipimo anatajiwa kwa mdomo tu. Ng'ombe wa kilo 300 ana uzito mara 1,000 ya panya wa gramu 300. Mzio upo na dawa mbovu zipo, lakini madhara mengi ninayoletewa yanatokana na pengo hilo la uzito.

Mimi ni mfugaji, si daktari. Niliyoandika hapa nimeyapata kwa kufuga, kwa kuwauliza madaktari wa mifugo kila nilipopata nafasi, na kwa kosa moja kubwa nitakalolieleza mbele. Maelezo yanahusu panya weupe na wa mabaka tunaowafuga majumbani. Panya buku, kama wale wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, ni jamii nyingine yenye mwili mkubwa zaidi, kwa hiyo vipimo vyao visichukuliwe.

Kwanza, kabla ya dalili yoyote

Usitoe dozi inayofuata mpaka uzungumze na daktari, na usiongeze dawa ya pili ili kutuliza madhara ya ile ya kwanza. Mpime panya kwa mizani ya jikoni: weka bakuli, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha mweke panya ndani. Soma kwenye chupa jina la dawa na kiasi kilichomo katika kila mililita, halafu andika ulitoa kiasi gani, saa ngapi na kwa njia gani. Daktari atakuuliza hayo kabla ya jingine lolote, na mfugaji mwenye majibu huokoa muda ambao panya hana.

Usijaribu kumtapisha. Panya hana uwezo wa kutapika, na maji ya chumvi utakayomlazimisha kumeza yataishia mapafuni au yatamwongezea madhara. Maziwa na mafuta, ambavyo wengi wetu tumezoea kuvikimbilia mnyama anapokula sumu, navyo viachwe: havifuti dawa iliyokwisha kuingia, na mafuta husaidia baadhi ya dawa kufyonzwa kwa wingi zaidi.

Anayumba, anatetemeka, au amelala na haamshiki

Dalili hii ndiyo inayonifikia mara nyingi zaidi, na karibu kila mara hufuata dawa ya utitiri, chawa au viroboto.

Kisababishi cha kwanza ni ivamektini iliyozidi kipimo. Chupa inayouzwa kwa wingi ni ya asilimia 1, maana yake kila mililita ina miligramu 10, na kipimo cha mifugo ni mililita 1 kwa kilo 50. Kipimo cha chini ambacho madaktari humpa panya ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Panya wa gramu 250 basi anahitaji miligramu 0.05, yaani mililita 0.005 ya dawa hiyo. Chukua bomba la sindano la insulini, lile lenye alama 100 ndani ya mililita moja, uangalie alama ya kwanza kabisa: dozi ya panya huyo ni nusu ya nafasi hiyo. Hakuna jicho wala mkono unaoweza kuipima kwa uhakika, na ndiyo maana daktari huizimua kwanza. Kuzimua kwa maji ya bombani nyumbani hakufai, kwa sababu dawa hii haichanganyiki vizuri na maji. Hujitenga, na tone moja likawa tupu huku linalofuata likiwa kali.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na panya jike wa gramu 250 niliyemwita Binzari kwa sababu ya doa la manjano mgongoni. Alikuwa akijikuna mabegani mpaka ngozi ikatoka magamba. Kijana wa dukani mtaani kwetu alinifungia chupa akaniambia, "Dada, mchome nusu tu, ni kiumbe kidogo." Kwake nusu ilikuwa nusu mililita, na nilimwamini, nikamchoma. Hicho ni kipimo cha mbuzi wa kilo 25, mara 100 ya alichostahili. Kabla ya saa nne usiku kuisha miguu yake ya nyuma ilikuwa ikiteleza kama ya mtu aliyekanyaga povu la sabuni, na sharubu zake, ambazo kwa panya mzima anayenusanusa hazitulii, zilikuwa zimesimama kabisa. Nilimwekea kidole mbele ya mkono wake, hakukishika.

Dawa ya kuiondoa ivamektini mwilini hakuna. Daktari niliyempigia usiku ule alimpa maji chini ya ngozi asubuhi na kuniagiza nimtunze joto, nimgeuze ubavu kila baada ya saa chache, nimlainishie macho yasikauke, na nisimlishe kitu mdomoni mpaka aweze kumeza mwenyewe. Siku ya nne alisimama. Wengine niliosimuliwa habari zao hawakusimama.

Tone moja kutoka kwenye chupa hiyo hiyo hutoa takriban mara 10 ya kipimo. Panya mzima mwenye afya mara nyingi hulivumilia, na ndipo wafugaji wanapopata ujasiri wa kulirudia kwa watoto. Watoto wa chini ya wiki tatu ubongo wao bado haujawa na kinga ya kutosha dhidi ya dawa hii, na huipata pia kupitia maziwa ya mama aliyetibiwa. Jike anayenyonyesha asipewe bila daktari kujua kwamba ana watoto.

Kisababishi cha pili ni dawa za kuogeshea mifugo na unga wa viroboto. Amitrazi humfanya mnyama asinzie, apoe na mapigo ya moyo yapungue. Sipamethrini na ndugu zake huleta mtetemeko na kushtuka kwa kila kinachomgusa. Zile zenye organofosfeti au kabameti huleta udenda mwingi, machozi, mboni za macho zilizosinyaa na misuli inayorukaruka. Panya hujilamba mwili mzima mara nyingi kwa siku, kwa hiyo ulichompaka juu ya ngozi atakimeza. Hapa kuna jambo unaloweza kulifanya mara moja: vaa glavu, umwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, umsuuze vizuri, umkaushe kabisa kwa taulo, utupe maranda yote na uoshe kizimba. Organofosfeti ina dawa yake kwa daktari, lakini saa zinahesabika.

Cha tatu si dawa kabisa, ni joto. Kuanzia Desemba hadi Machi jiji letu hupita nyuzi 30 kwa urahisi, umeme hukatika, feni husimama, na panya aliyepewa dawa asubuhi hukutwa saa nane mchana amejilaza bapa, kidevu kimelowa mate, mkia ukiwa wa moto. Mfugaji huilaumu dawa. Ukiugusa mkia na masikio utapata jibu: aliyezidiwa na joto ni wa moto, aliyezidishiwa ivamektini au amitrazi kwa kawaida ni wa baridi. Mwenye joto mhamishe palipo na hewa, umfute mkia, nyayo na masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Barafu isitumike.

Mpeleke kwa daktari bila kusubiri iwapo ana degedege, iwapo haamki ukimgusa, au iwapo mtetemeko unaongezeka badala ya kupungua ndani ya saa moja.

Anapumua kwa shida baada tu ya kupewa dawa

Mara nyingi dawa ya maji imeingia kwenye njia ya hewa. Panya amebanwa mkononi, kichwa kimeinuliwa juu, dawa imesukumwa kwa mkupuo mmoja. Anakohoa, pua inatoa povu, kisha anatulia, na siku inayofuata anapumua kwa sauti ya kukwaruza. Mshike wima kwa utulivu, futa pua, usimtikise wala kumrusha kichwa chini. Akirudia hali yake ndani ya dakika chache, mwangalie kwa siku mbili. Akianza kukwaruza au kuacha kula, anahitaji daktari. Safari nyingine pitisha bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, utoe kidogo kidogo ukimngoja ameze. Bora zaidi, kama daktari amekubali, ipakae dawa kwenye kipande kidogo cha ndizi mbivu au uji mzito, aile mwenyewe.

Kisababishi kinachofuata ni ugonjwa aliokuwa nao tangu mwanzo. Panya wengi wa kufugwa wana vijidudu vya mikoplazma mapafuni maisha yao yote, na wengi hupewa dawa kwa sababu hiyo hiyo ya kupumua. Kama alikuwa akikwaruza jana kabla ya dozi, kinachoonekana leo huenda ni ugonjwa unaosonga mbele huku dawa haijafanya kazi bado.

Sindano ya penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, tunayoiita penstrep, inastahili onyo la peke yake. Ndani yake mna prokaini, ambayo kwa mwili mdogo ikizidi huleta msisimko na degedege, na streptomaisini, ambayo ikizidi hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Madhara hayo huja ndani ya dakika chache, na nyumbani huna la kufanya. Sijawahi kukubali panya wangu achomwe sindano hiyo, na sioni sababu ya mfugaji yeyote kuichoma mwenyewe wakati ziko dawa nyingine za kifua zinazomfaa panya.

Mzio wa kweli ni nadra. Huja haraka, kwa kawaida ndani ya nusu saa, ukiwa na uvimbe wa uso, masikio na miguu kupauka, na kuanguka. Panya anayepumulia mdomo wazi, au ambaye pua, masikio na nyayo zimegeuka rangi ya kijivu au buluu, hana nafasi ya kusubiri foleni ya asubuhi. Mweke kwenye boksi lenye matundu, peleka hewa, usimshikeshike njiani.

Uvimbe, kidonda au nywele kunyonyoka mahali alipochomwa

Enrofloksasini ya asilimia 10, dawa ya vijidudu, ndiyo inayoongoza. Ni kali kwa nyama iliyo chini ya ngozi, na isipozimuliwa huacha jipu lisilo na usaha wa vijidudu, kisha ngozi hukauka na kubanduka kama gamba jeusi. Mbaya zaidi ni pale mfugaji anapochoma ile ya kuku, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kuchanganywa kwenye maji ya kunywa. Chupa zinafanana, asilimia ni ile ile, lakini ile ya kuku haichomwi kabisa, na hata kuidondosha mdomoni bila kuzimua huunguza ulimi na ufizi. Soma maneno yanayoeleza njia ya kutoa dawa kabla ya kuvuta hata tone. OTC 20%, yaani oksitetrasaiklini, nayo huuma na kuvimbisha, kwa sababu imetengenezwa ibaki mwilini muda mrefu. Baada yake ndipo inakuja sindano chafu au iliyotumika mara mbili; hapo uvimbe huwa wa moto na hukua siku ya pili na ya tatu.

Uvimbe mdogo kama punje ya maharage usiouma hupungua wenyewe kwa siku kadhaa. Usiukamue. Ngozi ikiwa nyeusi, ikitoa harufu au ikifunguka, isafishe kwa maji ya chumvi hafifu yaliyochemshwa na kupoa, umtenge na wenzake wasimlambe, na umwone daktari siku hiyo. Iodini kali na spiriti visimwagwe kwenye kidonda kilicho wazi. Uvimbe unaoendelea kukua wiki baada ya wiki, hasa kwa jike, kifuani au chini ya tumbo, huenda ni uvimbe wa matiti usiohusiana na sindano yoyote.

Hanywi, hali, uzito unashuka

Dawa ikichanganywa kwenye maji ya kunywa, sababu ya kwanza ni ladha. Dawa nyingi za vijidudu ni chungu, na panya, ambaye ni mwangalifu sana wa ladha ngeni, huacha kunywa. Hapo anapata hasara mbili: dawa haimfikii, na mwili unakauka. Panya wa gramu 300 hunywa takriban mililita 30 kwa siku, kwa hiyo weka alama ya kalamu kwenye chupa ya maji jioni na uitazame kesho yake jioni. Ukimvuta ngozi ya shingoni kwa upole ikachelewa kurudi, amekauka. Mrudishie maji safi leo hii, na umwombe daktari njia nyingine ya kutoa dawa. Tikitimaji na tango vitamsaidia wakati unasubiri.

Kunyong'onyea kwa tumbo kutokana na dawa yenyewe kupo pia, na doksisaiklini ina sifa hiyo. Usitafute nafuu kwa kuichanganya na maziwa: kalisi ya maziwa huifunga dawa hiyo, na enrofloksasini vilevile, zisifyonzwe ipasavyo. Akipoteza moja ya kumi ya uzito wake, yaani gramu 30 kwa panya wa gramu 300, au akipitisha siku nzima bila kula, kazi imekwisha kuwa ya daktari.

Anaharisha

Kwa panya, kinyesi kulegea kidogo siku ya pili au ya tatu ya dawa ya vijidudu ni jambo la kawaida, na mara nyingi hutulia akiendelea na chakula chake kikavu na kuachishwa matunda. Kinyesi cha maji, chenye damu au chenye kumlowanisha mkia ni sababu ya kusimamisha dawa na kupiga simu.

Kwa wenye wanyama wengine nyumbani hapa ndipo penye hatari kubwa. Simbilisi na sungura wasipewe dawa ya panya kwa kudhani wote ni jamii moja. Panya huvumilia amoksilini ya kumeza. Kwa simbilisi na sungura dawa hiyo hiyo huua vijidudu vyema vya utumbo, vile vyenye sumu vikatawala, na mnyama akafa kwa kuharisha siku chache baadaye. Linkomaisini na klindamaisini ni vivyo hivyo. Simbilisi aliyeilamba kwa bahati mbaya apelekwe kabla ya dalili.

Kinyesi cheusi, masikio yaliyopauka, mgongo uliokunjwa

Hizi ni dalili za dawa za maumivu. Meloksikamu ni dawa nzuri kwa panya daktari anapoipima, lakini ikizidi, au akipewa panya aliyekaukiwa maji, hudhuru figo na kutoboa utumbo. Hatari hupanda sana ikichanganywa na deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ambayo maduka mengi huiongeza kwenye kila tiba kana kwamba ni kiungo cha mchuzi. Ukiona dawa mbili kwenye mfuko, uliza kama mojawapo ni ya aina hiyo. Diklofenaki ya binadamu isitumike hata robo ya kidonge. Kinyesi cheusi kinachonata kama lami hakina tiba ya nyumbani.

Machozi mekundu

Wekundu kuzunguka macho na pua si damu. Ni ute wenye rangi unaotoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, nao huongezeka panya anaposumbuka kwa lolote: maumivu, safari ya bajaji, kushikwa kwa nguvu, ugonjwa wa kifua. Mfute kwa pamba yenye maji. Ukirudi kila siku, tafuta kinachomsumbua.

Kichwa kimeinama upande mmoja

Gentamaisini ikitolewa kwa wingi au kwa siku nyingi hudhuru sikio la ndani na figo, lakini mara nyingi zaidi ni maambukizi ya sikio yaliyokuwepo, na kwa panya mzee huenda ni uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Visababishi vyote vitatu vinahitaji daktari, na kuchelewa kwa siku chache kunaweza kuacha kichwa kimepinda moja kwa moja.

Amekutwa amekufa

Usimzike kwanza iwapo una wenzake kizimbani waliopewa dawa ile ile. Vaa glavu, mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, umweke kwenye jokofu mbali na chakula. Asigandishwe, kwa sababu barafu huharibu nyama inayotakiwa kuchunguzwa. Maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania iko Temeke, na daktari wako ndiye atakayekusaidia kupeleka mzoga na maelezo. Mwambie uliyempigia simu kwamba wenzake bado wako hai na walipewa lini, maana hao ndio wenye haraka.

Unapomtafuta daktari, uliza kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari na kama amewahi kutibu wanyama wadogo. Asiye na uzoefu wa panya lakini aliye tayari kukokotoa kipimo mbele yako kwa kalamu anafaa kuliko anayekisia kwa haraka. Dawa yenyewe ikishukiwa, kwa mfano imebadilika rangi, ina mashapo, au imewadhuru wanyama kadhaa kwa kipimo sahihi, taarifa hupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kwa hiyo chupa isitupwe hata kama inakuumiza kuitazama. Namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda vimeandikwa ubavuni mwake, na bila hivyo taarifa yako haitafika mbali.